Safu ya Lugha: Kipaumbele si upendeleo

Siku hizi utamsikia fundi wa intaneti ya nyumbani akimwambia mteja: "Kompyuta hii nimeipa upendeleo kwenye ruta." Mwingine huandika "kipaombele". Yote mawili yarekebishwe. Neno ni kipaumbele, lililoundwa kwa kitenzi -pa na umbele, yaani hali ya kuwa mbele. Kwa hiyo irabu ya kati ni u, wala si o. Wingi wake ni vipaumbele. Upendeleo hutokana na kupenda, na mara nyingi hubeba lawama, kwamba haki imewekwa kando. Kipaumbele hutolewa kwa sababu inayoelezeka. Mtoto akiwa kwenye somo la video huku televisheni ikipakua filamu, ruta huruhusu data za somo zipite kwanza, kwa kuwa mazungumzo ya papo kwa papo hayawezi kusubiri, filamu inaweza. Hakuna aliyedhulumiwa.

Tusikichanganye pia na kasi. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde hubaki na megabiti zake 10. Kinachobadilika ni nani atangulie njia inaposongamana. Wala kukipa kifaa kimoja kipaumbele si kukifungia kingine, maana kufungia ni kukikatia huduma kabisa. Kitenzi chepesi tunacho: kutanguliza. "Tanguliza kompyuta ya kazi" ni kauli fasaha na inaeleweka na kila mtu. Na ukivipa vifaa vyote kipaumbele, hakuna ulichokitanguliza.