Jiwe la Roosevelt na watoto wa Nyankunde

Tarehe 4 Agosti haimwambii kitu mtu wa Marabo, huku Ituri nchini Kongo. Kule Kijabe, Kenya, ndiyo siku ambayo mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka Ikulu ya Marekani miezi mitano tu kabla, aliweka jiwe la msingi la Kiambogo, jengo kuu la Rift Valley Academy. Shule hiyo ilianzishwa 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari wa Africa Inland Mission, na wahitimu wake waliotawanyika ng'ambo bado wanaisimulia siku hiyo kwa fahari. Ituri ina fungu lake katika habari hiyo, na haijalidai.

Charles Hurlburt, mkuu wa misioni, hakutaka kuishia Kijabe. Ndoto ya waasisi ilikuwa kupanga vituo kutoka Mombasa hadi Ziwa Chad, na njia ilipita kwetu. Lakini tangu 1908 Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na Wabelgiji waliwapendelea mapadri Wakatoliki kuliko Waprotestanti wazungumzao Kiingereza. Vitabu vya misioni husimulia kwamba Roosevelt alimwahidi Hurlburt msaada siku atakapouhitaji. Wabelgiji walipokaza, Hurlburt akaidai ahadi, Roosevelt akamsemea, mlango ukafunguka. Mwaka 1912 kundi la kwanza lilifika pande za Mahagi na kufungua kituo cha Kasengu.

Simulizi tamu, ila inampa mwindaji sifa kupita kiasi. Mapema 1910 Roosevelt alikuwa Lado, ukingoni mwa Nile, akiwatafuta vifaru weupe kwa bunduki. Wapagazi waliobeba masanduku ya wamisionari hadi Mahagi, na wenyeji waliowapa mahali pa kujenga, vitabu hivyo vinawapitia juu juu. Rais mstaafu ana jiwe lake. Wao hawana hata kibao.

Misioni ilipoenea, wazazi walihitaji shule iliyo karibu zaidi. Ndipo ikaja ile ya Rethy, kwenye vilima vya baridi vya Djugu. Wadogo walisoma Rethy, wakubwa wakaendelea Kijabe. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, wakati baba na mama walihubiri na kutibu kwa Kiswahili au Kibangala na kuandikiana na serikali kwa Kifaransa. Mtoto alirudi likizo akiwa na lugha tatu kinywani. Mtoto wa mpishi wao, aliyecheza naye uani, alikwenda shule nyingine. Darasa lile halikujengwa kwa ajili yake. Wahitimu wanaoikumbuka Rethy kama pepo ya utoto wao nao waliseme hilo.

Uasi wa Simba wa 1964 uliwakimbiza wamisionari. Waliporudi, Daktari Carl Becker, aliyekuwa Oicha, na misioni tano wakaungana kujenga kituo kikubwa cha tiba Nyankunde, jirani na Marabo. Wazee wa huku wanaukumbuka uwanja wake wa ndege: ndege ndogo zilileta dawa na kuchukua watoto wa madaktari kwenda shule.

Vita vilivyoanza 1996 viliwaondoa tena wamisionari. Kisha ikaja Septemba 2002: Nyankunde ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa wasiopungua 1,200 kwa siku kumi. Waliosalia walitembea kwa miguu kuelekea Oicha na Beni.

Kijabe inaendelea kusomesha. Rethy imebaki katika barua na mikutano ya watu waliozeeka Amerika, na picha zake ni rahisi kuzipata huko kuliko Bunia. Hii ni aibu yetu, si yao. Kanisa la CECA 20, lililozaliwa na misioni ile, na Chuo Kikuu cha Shalom hapa Bunia vina uwezo wa kuwatuma wanafunzi wakawarekodi wapishi, madereva na wauguzi wa Rethy na Nyankunde. Wengi wao wamepita miaka 70. Kazi hiyo ianze mwaka huu.