Lulu Iliyofunga Shule: Hoja Kuhusu Kuwaandaa Walimu wa Historia ya China na Japani

Mwaka 2019 Umoja wa Falme za Kiarabu ulianzisha mpango wa kufundisha Kichina katika shule 100 za serikali, na shule zimeongezeka tangu hapo. Mwaka huohuo Kenya ilitangaza kuwa Kichina kingeingia katika shule za msingi, wakati Uganda ilikuwa imekwishakichagulia shule zake za sekondari za kuanzia. Mipango hii ina dhana moja isiyotamkwa, nayo ndiyo inayoamua fedha ziende wapi: kwamba mwanafunzi akishapata lugha, historia na utamaduni vitamjia vyenyewe. Makala hii inapinga dhana hiyo. Anayepaswa kubeba historia ya China na Japani ni mwalimu wa historia na maarifa ya jamii ambaye tayari yuko darasani, na maandalizi yake yaanzie kwenye mambo ambayo mji anaofundisha umeyapitia. Mfano wangu ni Naif na mitaa jirani ya Deira, Dubai.

Kwamba mwalimu hafundishi vizuri asichofundishwa, hakuna anayebisha. Tofauti huja tunapouliza afundishwe nini kwanza. Marekani, mtandao wa NCTA ulioanza 1998 umewakusanya walimu wa masomo mbalimbali katika semina za saa zipatazo 30, wakasoma historia na fasihi ya Asia ya Mashariki kabla ya kuandika maandalio ya somo. Mpangilio huo ndio wenye maana kwangu. Semina nyingi za mafunzo kazini katika nchi zetu huanzia mwisho: mwalimu hupewa andalio lililokwisha kuandikwa, picha za taa nyekundu na maua ya mcheri, na maagizo ya kuwapanga wanafunzi katika vikundi. Anarudi shuleni na zana, hana maarifa.

Wapo wanaodai kwamba daraja la maarifa limekwishajengwa. Hawa, ambao wengi ni wanadiplomasia na waandaaji wa maonyesho, humtaja Zheng He, amiri wa enzi ya Ming aliyeongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, na twiga aliyefikishwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Walimu hukabidhiwa kisa hiki pamoja na fundisho lake: Wachina walifika, wakafanya biashara, wakaondoka bila kumtawala mtu. Sizikatai safari hizo. Sarafu ya Yongle, mfalme aliyezianzisha, imepatikana Mambrui na nyingine Manda. Sarafu za zamani zaidi, nyingi za enzi ya Song, zilifukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja, miaka ya 1940. Na vyombo vya kaure vilipachikwa katika makaburi ya pwani yetu ya Afrika Mashariki tangu kale. Ninachokataa ni mwalimu kupewa hitimisho kabla ya ushahidi. Safari ya kwanza ilibeba watu wapatao 27,000, wengi wao askari. Mwaka 1407 kikosi hicho kilimshinda haramia Chen Zuyi kule Palembang, naye akapelekwa China kuuawa; mwaka 1411 kikosi cha safari ya baadaye kilimteka mtawala wa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mwalimu asiyeyajua haya atamjibu nini mwanafunzi anayeuliza kwa nini mfalme aliyetafuta urafiki alituma jeshi? Wala hataweza kueleza kwa nini safari zilikoma, kwa sababu jibu liko ndani ya China: gharama, tishio la mpaka wa kaskazini, na mvutano kati ya maafisa wasomi na matowashi wa ikulu. Kisa cha twiga, kinavyosimuliwa, hakimpi mwalimu sababu ya kuuingia mlango huo.

Kwa Deira, ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Japani, na umo katika historia ya shule. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa lulu, Sheikh Ahmed bin Dalmouk, alianzisha shule ya Al Ahmadiya katika mtaa wa Al Ras, karibu na Naif. Ndiyo shule kongwe ya Dubai. Kama karibu kila kitu mjini wakati huo, ilisimama juu ya mapato ya lulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilifungwa. Ilifunguliwa tena 1937 kwa msaada wa serikali. Watoto wa Deira walikosa darasa kwa miaka kadhaa, na sehemu ya sababu iko katika ghuba ndogo ya Toba, Japani.

Huko, mwaka 1893, Kokichi Mikimoto, mtoto wa muuza tambi, alifaulu kumfanya chaza atengeneze nusu lulu. Mbinu ya kupata lulu ya mviringo ilikamilishwa na Wajapani wengine, Tokichi Nishikawa na Tatsuhei Mise, katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Kufikia miaka ya 1920 lulu za kufugwa zilikuwa London na Paris, na masonara wakibishana iwapo ni halali kuziita lulu. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 1929, bei ya lulu ikaanguka, na shule iliyoitegemea ikafungwa.

Mwalimu makini hataishia hapo, na ndiyo faida ya mfano huu: unadai maswali ambayo majibu yake hayapatikani Dubai. Kwa nini Japani? Mikimoto alitafuta ushauri kwa Profesa Kakichi Mitsukuri, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliyesomea Marekani. Profesa wa namna hiyo asingekuwapo bila mageuzi ya Meiji yaliyoanza 1868, ambapo serikali ilipeleka vijana ng'ambo na kujenga vyuo vikuu nyumbani. Nani walizamia? Toba walizamia wanawake waitwao “ama”, wenye ustadi wa karne nyingi. Katika Ghuba, Dubai ikiwamo, walizamia wanaume waliofungwa na madeni kwa manahodha na matajiri, madeni ambayo mara nyingine yalirithiwa na watoto wao. Kulinganisha mifumo hii miwili ya kazi ni somo la utamaduni lenye uzito kuliko kuvaa kimono siku ya sherehe.

Mfano huu pia humzoeza mwalimu kupima sababu. Simulizi ya kawaida katika Ghuba ni kwamba Mjapani aliiua lulu. Kuna wanaoweka uzito zaidi kwenye mdororo wa dunia uliowafilisi wanunuzi wa vito, na mimi naelekea kukubaliana nao kwa miaka ya mwanzo. Lulu ya kufugwa ndiyo iliyofanya bei isirudi. Mji ulitikisika hata kisiasa. Oktoba 1938 wafanyabiashara, wengi wao wa upande wa Deira, walilazimisha kuundwa baraza la mageuzi, likavunjwa kwa nguvu Machi 1939. Mwaka huohuo wa 1939 ilijengwa ngome ya Naif, ambayo baadaye ikawa makao ya polisi. Sidai kwamba ngome ni tokeo la lulu ya Toba. Ugomvi ndani ya ukoo wa watawala ulikuwa na nguvu zake. Nadai kwamba mwalimu anayewapitisha wanafunzi mbele ya kuta zile ana pa kuanzia safari ya kwenda Japani.

Kuna pingamizi la haki hapa: kwamba njia hii inaifanya Asia ya Mashariki kuwa kioo cha kujitazamia, na yasiyotugusa yataachwa. Konfusio hakufika Deira. Nakubali kwamba hatari ipo. Lakini kasoro hiyo ni ya semina inayoishia kwenye kiungo. Anayetoka kwenye lulu hadi Meiji atalazimika kurudi nyuma hadi utawala wa Tokugawa uliotangulia, na huko atakutana na Konfusio akiwa na sababu ya kumsoma.

Wengine husema kwamba Naif haina wenyeji wa kurithi historia ya lulu, maana wakazi na walimu wengi ni wageni. Hoja hiyo inanipa nguvu. Waswahili wanaofungasha mizigo ya Dar es Salaam na Mombasa katika mitaa hii wanauza na kununua bidhaa za China kila siku, na wafanyabiashara wengi wa Kiafrika waliojifunza kazi Dubai walisonga mbele hadi Guangzhou na Yiwu, China, miaka ya 2000. Mzazi wa mwanafunzi ni chanzo cha msingi. Mwalimu aliyefundishwa kuhoji na kurekodi masimulizi atapata kwake historia ya mageuzi ya uchumi wa China chini ya Deng Xiaoping ya tangu 1978, ikitazamwa kutoka ghalani.

Saa 30 hazitoshi kwa kazi hii. Napendekeza mihula miwili ya usomaji, mwalimu akipunguziwa vipindi, na mwalimu wa Kichina akikaa katika semina hiyohiyo kama mwanafunzi, kwa kuwa ujuzi wa lugha haumfanyi mtu mwanahistoria. Pwani yetu inaweza kufanya hivyo bila kusubiri lulu; kiungo chake ni kitambaa. Mkataba wa Berlin wa 1885, uliofuatwa na ule wa Saint-Germain wa 1919, uliizuia Uingereza kupendelea vitambaa vyake katika Afrika Mashariki, na kwa mlango huo vitambaa vya Japani viliteka soko miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kanga za wafanyabiashara wa Mombasa zilichapishwa Japani. Wapo bibi wa Mji wa Kale wanaozikumbuka kanga hizo. Mwalimu wa huko aanze kwa kuwauliza, kisha aulize viwanda vilivyozichapisha vilitoka wapi, nani walifanya kazi humo, na vita viliviachaje.