Jicho la Mtazamaji na Nyani wa Mikumi: Historia ya Mjadala wa Upendeleo katika Kupima Tabia za Wanyama

1.0 Utangulizi

Mtafiti anapopima uzito wa panya husoma mizani. Anapoamua iwapo nyani amemtisha mwenzake au amempita tu, mizani ni yeye mwenyewe. Upendeleo wa mtazamaji hutokea pale ambapo anachokitarajia, anachokijua au anachokiona kwa urahisi kinaingia katika alama anazoziandika bila yeye kukusudia. Insha hii inajadili historia ya tatizo hilo kwa kurejelea tafiti za nyani wa manjano katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupakana na vijiji vya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Hoja kuu ni kwamba mjadala uliohusisha Mikumi ulipiga hatua katika kudhibiti upendeleo wa uteuzi, yaani mnyama yupi aangaliwe na kwa utaratibu upi, lakini njia zilezile hazikutosha kuondoa upendeleo wa matarajio.

2.0 Usuli: Farasi na Panya

Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake kuhusu Hans, farasi wa Berlin aliyesifika kwa kujua hesabu. Pfungst alibaini kuwa farasi huyo alisoma ishara ndogo za mwili wa muulizaji. Muulizaji asipojua jibu, naye farasi alishindwa. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi panya wa kawaida, wakiwaambia baadhi yao kuwa panya wao ni wa ukoo mwerevu na wengine kuwa wao ni wa ukoo mzito. Panya walioitwa werevu walipata alama bora katika kujifunza njia.

Visa hivi viwili havifanani kabisa. Katika kisa cha Hans, mnyama ndiye aliyebadilika kwa kumsoma binadamu. Katika kisa cha panya, huenda wanafunzi waliwashika panya "werevu" kwa upole zaidi, au huenda waliwahesabia alama kwa ukarimu; matokeo pekee hayatenganishi njia hizo mbili. Hata hivyo, maabara ina dawa yake: lebo za vizimba zinaweza kufichwa. Nyani wa Mikumi hawana lebo ya kufichwa. Anayewafuata kila siku humjua jike wa cheo cha juu na mwanawe kwa sura.

3.0 Msafara wa Nyani

Mwaka 1961 Sherwood Washburn na Irven DeVore, kutokana na uchunguzi wao nchini Kenya, walieleza kuwa kundi la nyani linaposafiri madume huwa mbele na nyuma, nao majike wenye watoto hukaa katikati karibu na madume wakubwa. Maelezo hayo yaliufananisha msafara na kikosi cha ulinzi, na yaliafiki fikra za wakati huo kuhusu nafasi ya mwanamume katika chimbuko la jamii ya binadamu. Thelma Rowell, aliyewachunguza nyani wa Ishasha nchini Uganda, aliona jambo tofauti: kundi liliposhtuka lilikimbia, na madume wenye nguvu hawakubaki nyuma kuwalinda majike waliolemewa na watoto.

Mikumi iliingia katika mjadala huu kupitia Ramon Rhine, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside. Makala yake ya 1975 kuhusu mpangilio wa mwendo wa nyani wa manjano yalionesha kuwa madume wazima walipatikana mbele na nyuma zaidi ya inavyotarajiwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1979 Stuart Altmann, aliyetumia data za Amboseli, alihoji iwapo misafara ina utaratibu au ni vurugu tu. Rhine na mwenzake Westlund walilijibu swali hilo mwaka 1981.

Jambo la kuzingatia hapa ni mabadiliko ya swali lenyewe. Nafasi ya dume katika msafara inaweza kuhesabiwa wakati wanyama wanapita mahali pamoja. "Ulinzi" hauhesabiki, bali hufasiriwa. Kwa kuulinganisha mpangilio uliorekodiwa na ule ambao ungetokea kwa bahati, pande zote mbili zilitenganisha kilichoonekana na kilichoaminiwa. Upendeleo wa mahali, hata hivyo, ulibaki. Katika nyasi za uwanda wa Mkata nyani huonekana kwa mbali, ilhali ndani ya miombo mtazamaji huwapoteza, na tabia za huko huingia kidogo tu katika kumbukumbu.

4.0 Karatasi ya Alama

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, aliyekuwa akitafiti nyani wa Amboseli, alichapisha makala yaliyobadilisha taaluma hii. Alionesha kuwa mtazamaji anayeandika lolote linalomvutia huwapendelea wanyama wakubwa na matukio ya kelele. Akapendekeza kila mnyama apewe zamu yake ya kuangaliwa kwa muda uliopangwa. Alipinga pia mbinu ya moja-sifuri, ambayo huweka alama moja tabia ikitokea ndani ya kipindi, bila kujali imetokea mara ngapi. Mathalani, katika kipindi cha sekunde 15, nyani aliyemchambua mwenzake manyoya mara moja na aliyefanya hivyo mara tano hupata alama sawa.

Rhine aliitetea mbinu hiyo. Katika makala alizoandika na Flanigon (1978) na Linville (1980), alisisitiza kuwa ubora wa mbinu upimwe kwa ulinganisho wa data, badala ya kuamuliwa kwa hoja za kinadharia pekee.

Mjadala huu ulihusu kipimo zaidi ya mpimaji. Kinga iliyozoeleka dhidi ya kosa la mpimaji ni kulinganisha alama za watazamaji wawili. Kinga hiyo ina mpaka: wawili waliofunzwa na mwalimu mmoja, wakiijua nadharia tete ileile, wanaweza kukubaliana katika kosa lilelile. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwenziwe aliyeketi upande uleule naye halioni.

5.0 Kutoka Uwandani hadi Maabarani

Samuel Wasser, aliyetafiti Mikumi, aliandika mwaka 1983 kuhusu ushindani na ushirikiano wa uzazi miongoni mwa majike. Madai kwamba majike huungana kumshambulia mwenzao, na kwamba mashambulizi hayo huathiri uzazi, yanategemea nani anaamua "shambulio" ni lipi. Mwaka 1988 Wasser na wenzake walionesha kuwa homoni za uzazi za nyani wa manjano zinaweza kufuatiliwa kupitia kinyesi. Hatua hiyo ilileta ushahidi wa aina nyingine, kwa kuwa mpimaji wa homoni hahitaji kujua sampuli ni ya jike wa cheo gani. Bado, sampuli huokotwa na mtu, na uamuzi wa kumfuata jike huyu na kumwacha yule huurudisha upendeleo wa uteuzi.

6.0 Hitimisho

Suala hili si la wanataaluma peke yao. Mkulima wa Kilosa humwona nyani akiwa katika mahindi. Mtafiti humwona akiwa mapumzikoni ndani ya hifadhi. Kila mmoja ana sampuli iliyoamuliwa na mahali aliposimama, na maamuzi ya uhifadhi hujengwa juu ya sampuli hizo. Mapitio ya Gordon Burghardt na wenzake ya mwaka 2012 yalibaini kuwa makala chache za tabia za wanyama huripoti hatua za kupunguza upendeleo wa mtazamaji. Historia ya Mikumi inadokeza kiwango cha chini ambacho tasnifu yoyote ya uwandani inapaswa kukitimiza: kueleza ni nani aliyerekodi, alijua nini kuhusu nadharia tete, alisimama wapi, na watazamaji walipotofautiana ni alama ya nani iliyobaki kwenye karatasi.