Mzigo Ukae Wapi? Historia Fupi ya Nyumba za Kukokotwa

Mwaka 1954 Hollywood ilitoa filamu ya vichekesho, The Long, Long Trailer, iliyotokana na riwaya ya Clinton Twiss ya mwaka 1951. Lucille Ball na Desi Arnaz, mke na mume hata nje ya filamu, wanacheza maharusi wanaonunua tela la kuishi la futi 36 badala ya nyumba. Bibi harusi ana mazoea ya kuokota mawe kila wanapopita, ati kumbukumbu. Bwana anamwambia ayatupe kabla hawajapanda mlima. Yeye anayaficha ndani ya tela. Watazamaji wanacheka, lakini ndoa inaponea chupuchupu, na chanzo ni uzito ambao dereva hakujua anauvuta.

Nimeanza na filamu hii kwa sababu Wamarekani wanaosafiri na nyumba nyuma ya gari bado wanabishana juu ya jambo hilohilo: mzigo ukae wapi? Wengine hununua tela la kawaida, linaloshikizwa kwenye tufe la chuma nyuma ya bampa. Wengine hununua aina iitwayo gurudumu la tano, ambayo shingo yake hupanda juu na kukaa ndani ya sehemu ya mizigo ya pikapu.

Mimi si fundi, lakini hesabu yake haihitaji ufundi mwingi. Tufe la tela la kawaida liko nyuma ya ekseli ya gari. Upepo ukipiga ubavu, au lori kubwa likikupita kwa kasi, tela linayumba, na likiyumba linasukuma nyuma ya gari kama mtu anayesukuma mlango kwa kushika mbali na bawaba. Ndiyo maana hushauriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ilalie kwenye tufe. Ukirundika vitu vizito nyuma ya tela, umejitafutia balaa. Gurudumu la tano hubeba zaidi, asilimia 15 hadi 25, lakini pini yake hukaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu au mbele yake kidogo. Hapo gari halina mkono mrefu wa kusukumwa nao, na safari inatulia.

Sasa jina lenyewe. Mkokoteni wa farasi ulikuwa na magurudumu manne, na kati ya bodi na ekseli ya mbele ililazwa duara ya chuma ili ekseli iweze kugeuka kona. Duara hiyo ndiyo ikaitwa gurudumu la tano. Cha ajabu, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wana msemo ambao gurudumu la tano ni mtu asiyehitajika. Kumbe kwenye mkokoteni hilo la kulala ndilo lililoruhusu mengine kupinda.

Mwaka 1914, mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederick Sibley alitaka kusafirisha mashua yake kwa gari la Ford Model T. Akamwendea mhunzi August Fruehauf, ambaye alimtengenezea kibebeo cha magurudumu mawili kilichoegemea mgongo wa gari. Sibley akakipenda, akaagiza vingine vya kubebea mbao, na Fruehauf akakipa jina ambalo hata watoto wetu wanalijua: semi-trela. Simama Chalinze au Mlolongo usiku wowote uhesabu semi zinazopita na makontena. Zote zinaegemea wazo hilohilo, mzigo kupanda mgongoni badala ya kuburutwa.

Kuleta wazo hilo kwenye nyumba ya safari kulimvutia mtu wa angani, Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege na mpinzani wa ndugu Wright. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Florida, alitoa tela lililoitwa Aerocar, lililoundwa kwa wepesi kama ndege. Sehemu ya kuunganishia ilikuwa na tairi lililolazwa ndani ya nyuma ya gari ili kumeza mishtuko ya barabara. Ilikuwa kazi safi, lakini wateja wake walikuwa watu wenye fedha. Curtiss alifariki mwaka 1930, na Marekani ilikuwa tayari imeingia kwenye Mdororo Mkuu.

Hapo ndipo tela la bampa liliposhinda, kwa sababu lilikubali gari lolote ambalo familia ilikuwa nalo. Wally Byam, mchapishaji wa Los Angeles, aliuza michoro ya jinsi ya kujitengenezea tela nyumbani, kisha mwaka 1936 akatoa Airstream Clipper, lile umbo la alumini linalong'aa kama risasi. Katika miaka hiyohiyo mtabiri wa uchumi Roger Babson alidai kwamba ndani ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangeishi kwenye matela. Hakupatia. Lakini tuelewe kilichomsukuma kusema hivyo: aliona watu wengi waliopoteza kazi na nyumba wakilala ndani ya vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya likizo. Vita ilipokuja, serikali nayo ikanunua matela kwa maelfu ili kuwapa makazi wafanyakazi wa viwanda vya silaha.

Tela la Byam lilifika hata kwetu. Kati ya 1959 na 1960 aliongoza msafara wa Airstream 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ukipita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia. Picha zake ni nzuri kupindukia. Mimi huzitazama nikikumbuka kwamba Kenya ilikuwa imewekwa chini ya hali ya hatari tangu 1952, na katika miaka hiyo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji kibali ili atembee ndani ya nchi yake. Wageni walivuka mipaka na vitanda vyao na majiko yao. Uhuru wa kuhama na nyumba una mwenyewe, na haukuwahi kugawiwa sawa.

Gurudumu la tano la familia lilichanua baadaye, pikapu ilipohama kutoka shambani na kuwa gari la nyumbani. Tangu hapo kila upande una sifa zake. Gurudumu la tano lina chumba cha kulala kilichoinuliwa juu ya shingo, dari refu na utulivu barabarani. Bei yake ni kwamba lazima uwe na pikapu yenye nguvu, na sehemu yake ya mizigo unaisahau mkiwa safarini. Tela la kawaida ni jepesi zaidi, linavutwa hata na gari la familia, na ukiuza gari hulazimiki kutafuta pikapu nyingine.

Kwa hiyo anayehama kila baada ya siku mbili atafaidi tela la kawaida, na anayekaa miezi mahali pamoja atafaidi gurudumu la tano. Ushauri huo unatosha kwa mwenye uwezo wa kuchagua. Jessica Bruder, katika Nomadland cha mwaka 2017, aliandika habari za wazee walioumizwa na msukosuko wa uchumi wa 2008, wanaozunguka Marekani wakifuata vibarua vya msimu kwenye maghala na mashamba ya viazisukari. Hao hununua kile ambacho akiba iliyobaki inaweza kulipia, kiwe tela kuukuu au gari dogo lenye godoro nyuma, na gari walilonalo ndilo linaloamua kitakachovutwa. Ile filamu ya 1954 iliweza kuchekesha kwa sababu maharusi wale wangeweza kuliuza tela lao na kununua nyumba. Kwa wazee wa Bruder mlima ni uleule na mawe ni yaleyale, ila hakuna nyumba nyingine ya kurudia.