Kuku Mwenye Kulalia: Historia ya Kuangulisha Mayai Nyumbani Kwetu Kivu

Tunapozungumza juu ya mila za mababu, wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma, mahari na matanga. Ni wachache wanaofikiri kile kitunga kilichowekwa pembeni ya jiko ao chini ya kitanda, na kuku ndani yake, amekaa kimya siku 21. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kivu, kitunga hicho ndicho kilikuwa banki ya kwanza. Humo zilitoka kuku, kwa kuku ikapatikana mbuzi, na kwa mbuzi mara nyingine ikapatikana ngombe ao franga za masomo. Basi ni vizuri historia yake iandikwe wakati wangali wale wanaoijua kwa mikono yao.

Mgeni aliyekuwa mwenyeji

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Alitokana na kuku wa pori wa Asia ya Kusini-Mashariki, na huko ndiko watu walianza kumfuga, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Katika Afrika, mifupa yake imepatikana Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, nayo ina zaidi ya miaka 2,500. Kwetu, lugha zenyewe zinashuhudia kwamba amekaa nasi tangu zamani. Mashi na Kinande husema engoko, Kinyarwanda inkoko. Kwa upande mwingine wa inchi Tshiluba husema nzolo, na Lingala nsoso. Kitu cha juzi hakipati majina namna hiyo. Radio na telefone zilikuja na majina yao, na tukayapokea.

Watu wa Misri walitafuta mapema namna ya kuangulisha bila kuku. Aristotle, katika karne ya 4 mbele ya Kristu, aliandika kwamba kule mayai yalifukiwa ndani ya mbolea ya wanyama, na joto lake likaangua vifaranga. Baadaye Wamisri walijenga matanuru makubwa ya kuangua maelfu ya mayai kwa mara moja. Wazee wetu walishika njia nyingine: kazi walimwachia kuku, na wao wakajifunza kumsaidia.

Elimu ya mama wa nyumba

Mwenye elimu hiyo alikuwa mama. Alitambua kuku aliye tayari kulalia: haondoki kwenye kiota hata mayai yakitolewa, anavimbisha manyoya, na anaguna mtu akimkaribia. Hapo mama anachagua mayai 10 mpaka 13, kadiri mabawa ya yule kuku yanavyoweza kufunika. Anachukua yale ya siku chache, juu yai lililopita siku kumi nguvu yake inapungua. Yale makubwa kupita kiasi na yenye ufa anayaacha kwa chakula. Tena hayaoshi. Leo wenye elimu wanatueleza kwamba juu ya ganda kuna utando mwembamba unaozuia microbe kuingia. Mama hakujua microbe, lakini alijua kwamba yai lililooshwa linaviza.

Ndani ya kitunga aliweka majani makavu, akanyunyiza majivu, na wengi waliongeza majani ya tumbako juu ya kufukuza chawa, kwani kuku anayesumbuliwa na chawa anaacha mayai yake. Kisha siku ya saba hivi, usiku, alilipitisha kila yai mbele ya mwanga wa koroboi. Lenye mishipa midogo myekundu lilirudishwa; lenye kuwa wazi kama maji lilitolewa. Kuku mwenyewe alifanya yaliyobaki: kuyageuza mayai mara nyingi kwa siku, kutoka mara moja tu kukula na kunywa, kurudi upesi kabla hayajapoa. Watoto walijifunza kuhesabu kwa kungojea siku ya 21. Na mtoto aliyetaka kukula mayai ya kitunga aliambiwa kwamba yale hayako mayai, yako kuku.

Kuku ya kugawanya

Lakini jambo kubwa la desturi hii halikuwa ndani ya kitunga. Lilikuwa kati ya nyumba na nyumba. Mtu asiye na kuku hakuwa lazima anunue. Jirani, shangazi ao mama mkwe alimpa kuku mmoja wa kutunza. Siku za kwanza alifungwa mguu asirudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akiisha kuangua na vifaranga kukomaa, walivigawanya: sehemu kwa mwenye kuku, sehemu kwa aliyetunza. Kuku mama akarudi, ao akabaki kwa mzao mwingine. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kipanga akibeba kifaranga, mtunzaji alipeleka habari siku ile ile, na neno lake lilitosha. Aliyedanganya hakupewa kuku tena katika mtaa ule.

Hatupashwi kuipamba desturi kupita ukweli. Katika makabila mengi ya Maziwa Makubwa, mwanamke aliyetunza kuku hakuruhusiwa kumla, na pahali pengine hata mayai alikatazwa. Mpaka leo, katika nyumba nyingi za Kongo, firigisi ni ya baba. Mama alilinda kitunga siku 21, na sahani nzuri ikaenda kwa mwingine. Jambo hilo linafaa kuachwa nyuma. Kugawanya vifaranga kunafaa kuchukuliwa mbele.

Nyakati za kunyang’anywa

Kuku ni mali inayoonekana, na wenye nguvu waliiona. Wakati wa Leopold II, kuku walikuwa kati ya vyakula ambavyo vijiji vililazimishwa kupeleka kwenye posti za Serkali. Ripoti ya Roger Casement ya 1904 inavitaja pamoja na chikwange na samaki. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, zililetwa aina za ngambo kama Rhode Island Red na Leghorn. Zilitaga vizuri kuliko kuku wetu, hilo hakuna anayekataa. Lakini Leghorn hupenda kutaga tu, kulalia hajui, kwa sababu wafugaji wa Ulaya na Marekani walichagua kizazi kwa kizazi wale wasioacha kutaga. Kuku anapolalia anaacha kutaga, na kwa mfanya biashara hiyo ni hasara. Kwa mama wa kijiji, ndiyo faida yenyewe.

Mashamba makubwa ya wageni yalitikisika kwa zairianisation ya 1973, na yale ya karibu na miji yakaporwa mwaka 1991 na 1993. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 mpaka 2003 viliingia vijijini kwetu. Ngombe, mbuzi na kuku, vyote vilichukuliwa, na watu walirudi kwenye parseli tupu. Wengi walianza tena kwa kuku mmoja wa kugawanya. Ngombe anahitaji malisho na miaka. Kuku anahitaji kitunga na majuma matatu. Na tangu Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, mwezi wa kwanza na wa pili 2025, wengi wanapaswa tena kuanza upya.

Mashine na kitunga

Leo vijana wa mijini wanatengeneza kuvezi kwa sanduku la mbao na balbu. Ni kazi ya akili, na tunaisifu. Inaangua mayai mia pahali kuku anaangua kumi. Lakini inataka joto la digri 37 na nusu mpaka 38 usiku na mchana, na umeme ukikatika saa nyingi, mayai yote yanakufa pamoja. Tena kifaranga kilichotoka humo hakina mama wa kukifunika ao kukiita kipanga akipita. Na wale kuku wa kisasa wa mayai wakizeeka, hawaachi nyuma kuku wa kulalia. Lazima kurudi kununua.

Kwa upande mwingine, kitunga peke yake hakitoshi. Ugonjwa wa Newcastle ungali unamaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, na majani ya tumbako hayauponyeshi. Chanjo ndiyo dawa. Mama mwenye elimu ya zamani na chanjo ya leo anawapita wote wawili.

Basi, mwenye kuku anayelalia vizuri asimuuze kwa haraka, wala asimchanganye na kila jogoo wa kigeni anayepita. Amtunze kwa mbegu, na mzao ujao ampe jirani mmoja kuku ya kugawanya.