Mnara wa Umma, Ofisi ya Chama: Historia Fupi ya Jumba la Kenyatta

Neno "ghorofa" limetokana na neno la Kiarabu "ghurfa", lenye maana ya chumba, hasa kile cha juu. Sisi wa Bunia, kwa kuathiriwa na Kifaransa, husema "etaje". Maneno yote mawili hutueleza namna jengo lilivyopangwa. Hayatuelezi ni la nani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika historia ya majengo marefu ya ofisi, swali hilo la pili ndilo zito. Mfano wetu ni Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, jijini Nairobi.

Jumba hilo lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik, raia wa Norwei, akishirikiana na David Mutiso, msanifu mkuu wa serikali ya Kenya. Kusudi la awali lilikuwa kukipatia chama cha KANU makao makuu. Ujenzi ulianza 1967. Baadaye Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipokubali kufanyia Nairobi mkutano wao wa mwaka 1973, wa kwanza barani Afrika, mpango ulipanuliwa.

Usanifu wake una sehemu mbili zinazosemezana. Ya kwanza ni mnara wa ofisi, wenye ghorofa 28 na kimo cha mita 105 hivi, ambao kileleni ulitengewa mgahawa unaozunguka. Ya pili, chini yake, ni ukumbi wenye paa lililochongoka, linalomkumbusha mtazamaji nyumba ya msonge. Ukumbi ni mahali pa kukutana na kusikilizana; mnara ni mahali pa milango iliyofungwa. Ni katika jumba hili, Septemba 1973, Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alipozungumzia umaskini wa wakulima wadogo vijijini.

Hata hivyo, matumizi yalifuata mnara kuliko ukumbi. KANU, kilichokuwa chama pekee kisheria tangu 1982 hadi 1991, kililihesabu jumba kuwa mali yake, kikaweka humo ofisi zake na kupokea kodi za wapangaji. Mwaka 1989 ukatangazwa mnara mwingine, wa ghorofa 60, uliokusudiwa kwa gazeti la chama hicho, Kenya Times, ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari Maathai aliupinga hadharani, akakejeliwa bungeni. Lakini mradi uliachwa, na bustani ikabaki.

KANU kilishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002. Mwezi Februari 2003, serikali mpya ililirudisha jumba mikononi mwa umma. Hakuna tofali lililobadilishwa siku hiyo, wala ghorofa iliyoongezwa. Kilichobadilika ni mwenye ufunguo.

Funzo hili latuhusu. Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri tangu 2015, ungali mji wa majengo mafupi, nao unakua. Siku etaje ndefu zitakapopandishwa hapa, tusitosheke kuhesabu ngazi zake. Tuulize kwanza: hati ya kiwanja imeandikwa kwa jina la nani, na mwananchi ataingia kwa mlango upi?