Bibi, ngumbaru na tovuti

Nimekuwa kimya wiki nzima kwa sababu nilikwenda nyumbani Mafinga, kwenye baridi ya kuvaa sweta mbili, malori ya mbao yakinguruma barabara kuu ya Mbeya usiku kucha. Nimerudi na jambo linanikereketa, ngoja nilitoe.

Binamu yangu kamaliza kidato cha nne na anataka kujifunza kutengeneza tovuti. Ana simu, na jioni jirani humwazima kompyuta. Alinionyesha mwongozo alioanza nao. Ni wa Kiingereza, umeandikwa "kwa wanaoanza". Sentensi ya tatu inamtaka aweke programu fulani kwa kutumia programu nyingine ambayo haijatajwa popote, halafu unaongeza kwamba hiyo ni kazi rahisi.

"Kaka, kama ni rahisi mbona mimi sielewi? Labda sina kichwa cha mambo haya."

Kichwa anacho. Redio ya bibi iliyokufa miaka miwili aliifufua yeye.

Bibi alikuwa anaota moto, akacheka. Akasema kule kwao ngumbaru hakuna aliyeambiwa kusoma ni rahisi. Waliambiwa ni kugumu, kisha wakashikwa mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kumhoji kama kazi yangu inavyonifundisha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huko Mwanza, kati ya 1968 na 1972, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa unajaribu vitabu vya kisomo vinavyofuata kazi ya mtu: mkulima wa pamba anajifunzia pamba, mwenye migomba ndizi, mvuvi samaki wake. Bibi anakumbuka darasa lake chini ya mti, ana mtoto mgongoni. Lilianza neno analolijua, jembe kwa mfano, ndipo likakatwa silabi. Hakuanza na sheria za sarufi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 waliingia kwenye vikundi. Kwa wiki 12 walikaa na kijitabu chao, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakajadili na kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kufyeka majani na kuchimba vyoo. Kijitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya mtu aliyejua kusoma juzi tu. Mwandishi alimjua msomaji wake, akamheshimu. Na kama ukurasa haukueleweka, kulikuwa na mtu wa kumuuliza, bila kuonekana mjinga.

Sitaki kuupamba wakati ule. Takwimu rasmi za mwaka 1986 zilisema wasiojua kusoma ni chini ya asilimia 10, lakini sensa ya 2002 ikakuta ni karibu theluthi ya watu wazima. Sawa, tulirudi nyuma. Namna ya kumkaribisha anayeanza tulikuwa nayo hata hivyo, na sijui kwa nini tuliiacha tulipofika kwenye kompyuta.

Maana wavuti wenyewe ulizaliwa na roho hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee pale CERN ulikuwa maelezo: mradi huu ni nini, na wewe ushiriki vipi. Aprili 1993 CERN wakautoa bure kwa dunia nzima. Vijana wengi wa miaka ile walijifunza kwa kufungua ukurasa wa mwenzao, kuchungulia msimbo wake na kuunakili.

Huku kwetu, Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kazi kubwa ile, nawavulia kofia. Ila sisi wengine tulibaki tunabishana iwe kompyuta au tarakilishi (nisamehewe, mimi bado nasema kompyuta). Ukishamwambia mtu kwamba kile chombo kinaitwa kivinjari, bado hajui aanzie wapi.

Basi usiku ule tukaufunga mwongozo wa Kiingereza. Nikamuuliza binamu anakijua nini. Mbao, akasema, kama kila mtu wa hapa karibu na msitu wa Sao Hill. Tukaanza na ukurasa wa bei za mbao, mistari minne: kichwa cha habari, aya moja, mbao mbili. Alipoifungua akaiona kwenye kioo, aliita nyumba nzima.

Bibi akavaa miwani, akasoma taratibu, kisha akagusa ile herufi p iliyo ndani ya mabano yenye ncha.

"Na hii ni nini?"

"Inaonyesha aya inapoanzia, bibi."

"Sasa mbona hawakuandika a?"

Binamu akaeleza kwamba p inatokana na neno la Kiingereza, na kwamba a nayo ipo ila ina kazi nyingine. Alieleza mara mbili, polepole, kwa vijiti vya kuni. Asubuhi nilimkuta ameyaandika maelezo hayo kwenye daftari, juu kabisa kaweka swali la bibi.